Mafundi wa Sebuleni

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Miaka 20 baadaye kazi hiyo ilikuwa imehama kutoka kwenye mkanda hadi kwenye kompyuta, ikazaa fundi wa aina yake: mkata matangazo wa usiku wa manane.

Apewe maua yake.

Haikuwa kazi ya kubofya na kwenda kulala. Katika MPEG-2, mfumo wa picha za DVD, fremu hupangwa kwa mafungu. Ya kwanza ndiyo kamili, zinazofuata huhifadhi hasa mabadiliko. Ukikata ovyo katikati ya fungu, picha hupasuka vipande, au sauti huachana na midomo. Kwa hiyo fundi alisogea fremu moja moja, akilitafuta lile giza fupi kabla ya tangazo, mahali ambapo mtazamaji hahisi mkasi.

Kipindi cha saa nzima kilibaki dakika 42 hivi. Vitatu vilienea kwenye diski ya gigabaiti 4.7 bila picha kufifia. Kisha menyu, kuchoma, na jina juu ya diski kwa kalamu ya wino usiofutika.