"Picha ya Mfumo": Istilahi Inayopotosha

Rasimu ya mwongozo iliyotufikia mezani, iliyokusudiwa mafundi watakaoandaa kompyuta za madarasa kwa mkupuo mmoja, imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, na mfasiri wake anastahili pongezi. Hata hivyo, faili linalobeba mfumo endeshi pamoja na programu na mipangilio yake yote, tayari kuhamishiwa katika mashine nyingine nyingi, limeitwa humo "picha ya mfumo".

Chanzo cha kosa chaeleweka. Neno la Kiingereza lina maana kadhaa, na mfasiri amechukua ile ya kwanza katika kamusi. Lakini picha kwa Mswahili ni kitu cha kutazamwa. Hakuna alalaye ndani ya picha ya nyumba. Faili hili halitazamwi hata kidogo, bali kutokana nalo hutolewa mifumo kamili inayofanya kazi. Wala si jambo geni: programu ya Ghost, iliyoanzia New Zealand katika miaka ya 1990, ilinakili diski nzima kwa namna hiyo, na tangu Windows Vista, iliyofikia umma mwaka 2007, usakinishaji wenyewe wa Windows hutumia faili la aina hii.

Sisi twapendekeza "kalibu". Mfyatua matofali aijua: kalibu ni moja, matofali ni mengi, na yote ya kipimo kimoja. Pingamizi lipo, nalo ni la haki, kwamba kalibu ni tupu ilhali faili hili limejaa. Lakini istilahi haidaiwi kufanana na kitu kwa kila hali; yatosha imwelekeze msomaji kwenye kazi yake.

Kosa zito zaidi limo katika ukurasa unaofuata. Kabla ya kutoa kalibu, kompyuta ya mfano haina budi kuvuliwa vitambulisho vyake vya pekee. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na Sysprep. Rasimu yaiita hatua hiyo "kujumlisha". Fundi atajumlisha nini na nini? Ataruka mstari huo. Na katika baadhi ya mifumo ya Linux, kompyuta mbili zilizorithi kitambulisho kimoja huweza kupewa na seva anwani moja ya mtandao, zikanyang'anyana, na mwalimu asijue kwa nini darasa limekwama. "Kuondoa utambulisho" ni maneno mawili, lakini yanasema ukweli. "Kusafisha" hatulikubali, kwa kuwa mafundi wengi wataelewa kufuta diski yote.

"Kusambaza" hatuna ugomvi nalo sana, ingawa kwa hatua ya mwisho twapendelea "kusimika", maana kompyuta iliyofikiwa na faili bado haijawa tayari kwa kazi.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri. Haijapigwa chapa bado.