Shairi la "Amina" na Taazia ya Aliyefariki Angali Kijana

Ukihudhuria mazishi huku kwetu, kuanzia Embu hadi Meru, utasikia historia ya marehemu ikisomwa. Ya mzee hujaa kurasa: kazi, mashamba, wana na wajukuu. Ya kijana huishia kwenye shule alizosomea, kisha kiambishi -nge- kikatawala: angekuwa daktari, angeoa, angewajengea wazazi nyumba.

Kasoro hiyo hujitokeza pia katika insha za taazia. Mtahiniwa husimulia maisha ambayo marehemu hakuyaishi, akayasahau yale aliyoyaishi.

Hebu turejelee shairi la "Amina" la Shaaban Robert (1909–1962), alilomtungia mkewe baada ya kufiwa naye. Ni tarbia yenye mafunzo matatu kwetu.

Kwanza, nafsineni anazungumza na marehemu mwenyewe, tena kwa jina. Amina anabaki mtu. Pili, vitenzi vya mshororo wa kwanza viko katika hali timilifu ya -me-. Kifo kimetokea na mshairi anakikabili.

Tatu, ambalo ndilo kuu, ni tashbihi ya ua. Waombolezaji wengi humlinganisha kijana na kitumba kilichokatwa. Ua la Shaaban Robert lilikwisha kuchanua ndipo likafumba. Yaani, maisha hayo hayakuwa matayarisho ya maisha mengine, yalikuwa yametimia. Kibwagizo nacho kinasisitiza fundo la mapenzi.

Huenda ukapinga kwamba Amina alikuwa mke wa mtu, na kwamba kijana aliyetoka shuleni juzi hajachanua. Nami niliamini hivyo hadi nilipoandika historia ya ndugu yangu mdogo, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 19. Nilijaza ukurasa mmoja: mitihani aliyofanya na chuo ambacho angejiunga nacho. Baada ya mazishi, nyanya mmoja jirani yetu alinishika mkono. "Mwalimu," akasema, "mbona hukutaja kwamba ndiye aliyekuwa akinibebea majani chai hadi kituoni, wala hakuwahi kunidai hata shilingi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua habari hiyo, lakini sikuiona kuwa historia. Ua lilichanua mbele ya macho yangu, nami nikaandika kuhusu kitumba.

Kwa hivyo, mtahiniwa, unapotunga taazia ya kijana, taja alichotenda, alimtendea nani na wapi. Tendo moja dogo lenye mahali na mtu linamfufua marehemu kuliko sifa kumi za jumla kama vile "mpole" na "mwenye bidii".

Nawe mwalimu mwenzangu, wape wanafunzi wako zoezi hili: waandike taazia ya kijana bila kutumia -nge- hata mara moja. Wakikwama, waulize swali moja tu: wiki yake ya mwisho, alimsaidia nani?