Waelimisha Rika wa Machimboni

Machimbo ya dhahabu ya Katoro, Nyarugusu, Mwakitolyo: jioni, wachimbaji wakishatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, na makarasha ya kusaga mawe yakiendelea kunguruma, ndipo mwelimisha rika anapoanza kazi. Anakwenda maskani ya wanaojidunga dawa za kulevya, mahali ambapo mgeni akitokea watu hutawanyika. Huketi kwanza. Bei ya dhahabu huzungumzwa kabla ya kupima VVU kutajwa, maana anajua kwamba anayejidunga huogopa polisi njiani, kisha huogopa jicho la dharau dirishani kliniki.

Sehemu kubwa ya kazi hii haiandikwi popote. Ni kumwamsha mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa hizo, kumsindikiza hadi kituo cha tiba na matunzo, kukaa naye kwenye benchi asiondoke foleni ikirefuka. Ni kukumbuka tarehe ya dawa za kufubaza VVU ya mtu asiye na simu. Dhahabu mpya ikisikika Kahama, mgonjwa huhama usiku, kadi yake ikabaki kibandani. Hapo ni kumuulizia duara kwa duara. Kikohozi nacho hakipuuzwi, kwani vumbi la mawe hukaribisha kifua kikuu.

Uraibu wa heroini nao una tiba: methadoni, iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kwa kijana wa machimboni nauli pekee ni kikwazo kikubwa.

Baadhi ya waelimisha rika waliwahi kujidunga wenyewe, ndiyo maana maskani huwasikiliza. Wengi hulipwa posho tu. Halmashauri zetu ziwape mikataba na mishahara.