Dema Hupimwa Kooni

Juzi nimekuta dema, mtego wa samaki, limetundikwa darini kwenye mkahawa mmoja wa pwani, limepakwa vanishi linang'aa, wageni wanalipiga picha na mwenyeji wao anawahakikishia kwamba huo ndio usukaji wa wazee. Kwa nje halikuwa na kosa: pembe sawa, mbale za mianzi zimebanana. Nikatia mkono mlangoni. Ukaingia ukatoka, hakuna kilichonigusa. Dema lile haliwezi kukaa na samaki hata usiku mmoja, na bado linasifiwa mbele ya watoto wa wavuvi. Hilo ndilo lililoniudhi.

Dema, au lema kama wasemavyo Kenya, lisukwe kwa mianzi iliyokomaa. Macho yawe ya pembe sita, vidole viwili viingie. La macho madogo silihesabu kazi ya fundi. Mwaka 2013 Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walichapisha utafiti wao wa malema ya Kenya yaliyoachwa mianya ya samaki wadogo kutokea: waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na pato la mvuvi likapanda. Waya siukubali kabisa. Dema la mianzi likipotea huoza. La waya huendelea kuua samaki wasioliwa na mtu.

Lakini anayenunua kwa macho hutazama mgongo, na kazi yote iko kooni. Koo huanza pana mlangoni, likasinyaa kuelekea ndani, na mwisho wake mbale huachwa bila kufungwa, ncha zikitazama tumboni mwa dema. Ncha hizo zikikatwa tu kwa panga, dema limekufa. Huparuzwa mojamoja hadi zipinde na kurudi zenyewe. Tasi hapiti panapomchoma. Hujongea, hugusa kwa ubavu, hurudi nyuma, hujaribu tena. Ncha zikiwa ngumu ataondoka. Zikiwa legevu atakula chambo chako kisha atoke alikoingilia. Kwa hiyo vua saa, kunja mkono wa shati, ingiza mkono hadi kiwiko. Ukiingia, ncha zikulambe. Ukitoka, zikushike malaika ya mkono.

Babu yangu pale Chwaka alisuka koo mwisho, baada ya alasiri, na hakutaka kusemeshwa. Akimaliza alisukuma danzi ndani kwa kidole, kisha akalibeba dema zima na kulitikisa. Danzi likitoka, alifumua koo lote, hata kama magharibi imeshaingia. Nilimwona akifumua mara tatu kwa dema moja.

Wadanganyifu nao wapo. Mmoja aliniuzia mawili kabla ya Ramadhani, yamekaza kama ngoma. Kumbe mianzi ilikuwa mibichi: ilipokauka ikasinyaa, na baada ya bamvua moja koo lilikuwa limelala upande. Siku hizi nalinusa dema kabla ya kuuliza bei. Mwanzi mbichi hunukia majani, na fundi mwenye haya hausuki.

Siku nzuri ya kuliona koo likifanya kazi ni mwishoni mwa kaskazi, Machi, upepo ukikatika kabla ya masika na maji yakipwa ghubani. Asubuhi moja ya namna hiyo babu alisimamisha ngalawa kwa pondo juu ya dema lake lililolazwa kwenye majani, maji hayafiki kifuani. Tasi watatu walikuwa mlangoni. Wawili walizunguka wakaenda zao. Wa tatu akaegemeza ubavu kwenye ncha, akasita, akaegemeza tena, zikafunguka, akapita, zikajifunga nyuma yake. Babu hakusema neno. Aliinua pondo polepole lisitie tope, tukaondoka tumwache tasi aite wenzake.