Mungu-mke wa mwezi na deni la Mamba Muntu

Ile picha tunaijua wote: dada mwenye mwezi mwembamba juu ya kichwa, nywele zinaelea, macho yamefungwa, ukungu wa zambarau nyuma yake. Ni Selene wa Wagiriki aliyevalishwa upya, nusu mungu, nusu mulozi. Huku Lukafu naiona kwenye simu za wenzetu, na wachoraji chipukizi wanaiiga. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Lakini naiona nyepesi mno, na nitasema juu ya nini.

Lubumbashi ilishakuwa na mwanamke wake wa ndoto. Miaka ya 1970, ukiingia salo ya mfanyakazi ama karani, ungeweza kumkuta ukutani: Mamba Muntu, nusu mtu, nusu samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, nyoka karibu yake, mara nyingine saa mkononi. Wachoraji walimpaka rangi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Wakubwa wanasimulia kwamba mtu akiokota kitana chake ama nywele zake, yeye anamjia usiku katika ndoto kuvidai. Wakipatana, utajiri unaingia. Lakini bei iko: kutunza siri, na mara nyingine uhai wa ndugu.

Njo pale nguvu ya ile picha ilikuwa. Kila mgeni aliyekaa chini yake aliweza kujiuliza: pesa ya ghafla, nani ameilipia? Katika mji uliojengwa juu ya shaba, swali hilo halikuwa mchezo. Uzuri wa Mamba Muntu ulikuwa na deni. Dada wa zambarau hadai kitu kwa mtu yeyote.

Na mwezi wenyewe? Tusikimbilie Ugiriki. Watabwa, kandokando ya Ziwa Tanganyika upande wa Moba, wanachonga safu za pembetatu wanazoita balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Hakuna sura ya mwanamke, hakuna taji. Lakini nyuma ya alama hiyo kuna zile siku mwezi haupo, giza ni zito na watu wanaogopa bulozi. Mwezi ukirudi, watu wanapumua. Pembetatu ndogo inabeba woga na tumaini pamoja.

Tena, huku kwetu neno mulozi si pambo. Watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya neno hilo, na wazee pia. Jambo lilifika mpaka kwenye sheria: ile ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaadhibu anayemsingizia mtoto bulozi. Mchoraji akigeuza bulozi kuwa mishumaa na moshi wa rangi, sisemi ametenda dhambi. Nasema wale walioumizwa na hilo neno amewaacha inje ya picha.

Siombi turudie kumchora Mamba Muntu vilevile. Wakati umepita, na kuiga wakubwa ni kuiga tu. Mchore mungu-mke wa mwezi mukipenda, hata na zambarau yake. Lakini mbele ya kuchukua brashi, jiulizeni: huyu mwanamke anadai nini, na nani atalipa? Kama jibu hakuna, mutakuwa mumechora pazia ya dirisha.

Ninyi munasema je?