Meza Isiyo na Mtoto

Mjukuu wangu ni mhasibu, na siku hizi kazi zake nyingi anazifanyia nyumbani. Aliniomba tufuatane kununua meza. Duka la kwanza tulionyeshwa meza nyeupe ya kisasa, yenye miguu ya chuma, uso mwembamba na tundu la kupitishia nyaya. Niliinama kuchungulia chini yake.

"Babu, unatafuta nini?"

"Mtoto wa meza."

Hakuwapo.

Sitaki kuionea meza ile. Kimo chake, sentimita 74 hivi, ni cha kawaida, na tundu la nyaya ni wazo jema. Meza kubwa niliyoikalia nilipokuwa mkuu wa shule ilikuwa juu mno, hata jioni mabega yakawa yanauma. Kipimo cha meza ni kiwiko: ukiketi na nyayo zako zikatua sakafuni, kiwiko kiwe sawa na uso wa meza. Wazee wetu wa useremala hawakutupima viwiko.

Kasoro yake ya kwanza ni mwili. Chini ya ule weupe mna chembechembe za mbao zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Maji yakipenya ukingoni huvimba, na skrubu ikishalegea haishiki tena kama awali. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1964 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa samani za ofisi zilizotokana na utafiti wa Robert Propst na kusanifiwa na George Nelson. Propst aliona kwamba kazi ikifichwa husahaulika, kwa hiyo na ikae mbele ya macho. Kwa kazi ya leo na kesho nakubaliana naye. Lakini si kila kinachofichwa kimefichwa ili kisahaulike.

Katika mtoto wa meza yangu, uliofungwa kwa ufunguo, niliweka barua za wazazi walioomba muda wa kulipa ada. Niliweka pia karatasi ya mwanafunzi aliyeniandikia jambo ambalo hakuweza kulitamka. Sikuwasahau hata mmoja. Kama barua zile zingelala juu ya meza, kila aliyeingia kuomba chaki angezisoma, na nadhani wa pili asingeandika kamwe. Mwalimu hupewa siri kwa sababu ana mahali pa kuiweka.

Mjukuu wangu naye hushika hesabu za watu: madeni yao, mishahara yao. Nyumbani kwake mna wageni, watoto na majirani. Alisema yote yamo katika kompyuta, yenye neno la siri. Nikamuuliza risiti na mikataba yenye sahihi huiweka wapi. Akacheka: "Juu ya friji."

Tukaenda Keko, kwa mafundi. Tulichagua mninga, mti ambao ukikauka vizuri hauchezi sana. Fundi alipima kiwiko chake, akatoboa tundu la nyaya, na akatengeneza mtoto mmoja mwenye kufuli. Basi si kweli kwamba ni lazima tuchague kati ya ya kale na ya kisasa.

Meza ilipofika, nilimkabidhi funguo zote mbili. Alitaka nibaki na mmoja. Nilikataa.