Roboti za Januari: Kozi ya 6.270 na Somo la Kutojua Ulipo

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, huuacha mwezi wa Januari nje ya mihula yake. Wiki hizo nne hazina vipindi vya kawaida, na mwanafunzi yuko huru kujifunza jambo lolote linalomvutia, au kutojifunza kitu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao waliutumia mwezi huo kuunda roboti inayojiendesha yenyewe, kisha kuipeleka kwenye mashindano mbele ya ukumbi uliojaa watazamaji. Kozi hiyo inajulikana kwa namba tu: 6.270. Tarakimu 6 ni ya idara ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta. Zinazofuata zimeazimwa kutoka 2.70, kozi ya uhandisi mitambo iliyopata sifa chini ya Woodie Flowers, ambamo kila mwanafunzi alipewa furushi la vifaa mchanganyiko na kutakiwa aunde mashine ya kushindana na za wenzake.

Mashine za 2.70 ziliongozwa na binadamu. Mkono ukiwa kwenye swichi na jicho likitazama meza, kosa dogo la mashine lilisahihishwa na mwendeshaji papo hapo, pengine bila yeye mwenyewe kutambua. Waanzilishi wa 6.270 walimwondoa mtu huyo. Mashindano ya kwanza, mwaka 1987, yalikuwa ya programu za kompyuta peke yake, na roboti zilikuwa michoro kwenye skrini. Miaka michache baadaye zikawa vitu halisi vya plastiki, mota na waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila roboti ilikuwa imebeba kompyuta yake mgongoni, na ikishaanza mchezo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kozi iliendeshwa na wanafunzi wenyewe, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Waliochangia zaidi kuipa sura yake ni Fred Martin, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Media Lab ya chuo hicho, pamoja na Randy Sargent na Pankaj Oza.

Uamuzi wao wa kwanza wa maana ulihusu mwili wa roboti. Kukata chuma na kutoboa mbao kunahitaji karakana, ujuzi wa mikono na muda, na kila kosa hula vyote vitatu. Waandaaji wakachagua LEGO Technic, yale matofali ya plastiki yenye matundu pembeni, gia na mihimili. Aliyeona roboti za namna hiyo kwa mara ya kwanza angeweza kudhani ni mchezo wa watoto. Faida yake ilikuwa kwamba muundo mbaya ungeweza kubomolewa saa tatu usiku na mwingine ukawa umesimama kabla ya saa sita. Katika ubunifu, idadi ya mara unazoweza kuanza upya ina uzito kuliko ubora wa malighafi.

Plastiki hiyo ina hesabu zake, na anayezipuuza huishia na roboti inayotawanyika ikigonga ukuta. Umbali kati ya vinundu viwili vya juu ya tofali ni milimita 8, lakini tofali lina kimo cha milimita 9.6. Vipimo hivyo viwili havilingani, kwa hiyo matofali yakipangwa moja juu ya jingine, matundu yao hayaangukii kwenye nafasi za upau wa kusimama unaotakiwa kuyafunga. Dawa ni kibamba chembamba chenye kimo cha milimita 3.2, yaani theluthi ya tofali. Tofali moja na vibamba viwili hufanya milimita 16 kamili, sawa na nafasi mbili za vinundu. Hapo upau wa wima huingia sawasawa na kuyafunga matofali yasiachane. Fremu iliyofungwa hivyo hustahimili kuangushwa kutoka mezani. Iliyopangwa bila kufungwa hutengana kwa mtikisiko wa mota zake yenyewe.

Milimita 16 hizohizo ndizo zinazohitajika na gia. Gia yenye meno 8 ina nusu-kipenyo cha milimita 4, na yenye meno 24 ina milimita 12. Zikikutanishwa, umbali kati ya vitovu vyake ni 16. Kila hatua ya jozi hiyo hupunguza kasi mara tatu na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hichohicho, ukiondoa kinacholiwa na msuguano. Mota ndogo inayozunguka mara 6,000 kwa dakika haina nguvu ya kusukuma kitu. Ikipitishwa katika hatua nne kasi hugawanywa kwa 81, na gurudumu la kipenyo cha milimita 80 huisogeza roboti takriban sentimita 31 kwa sekunde. Wanafunzi wengi hutaka zaidi ya hapo. Huondoa hatua moja, wanafurahia mbio wakati roboti ingali tupu, kisha wakishaipakia betri na ubao wa umeme hugundua kwamba haiwezi kupanda mteremko.

Kwa mwendo, roboti nyingi zilitumia mpango wa magurudumu mawili yanayoendeshwa kila moja na mota yake, na kiungo cha tatu cha kuegemea. Yakizunguka kwa kasi moja roboti huenda mbele. Moja likirudi nyuma hugeuka palepale ilipo. Mpango huu hauhitaji usukani, na programu yake ni fupi.

Uamuzi wa pili ulihusu ubongo. Ubao wa kozi ulijengwa juu ya chipu ya Motorola 68HC11, kidhibiti cha biti 8 kinachofanya kazi kwa megahezi 2. Chipu hiyo ina mlango wa kupokea volti kutoka kwenye vihisi na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 255. Hiyo ndiyo dunia yote iijuayo roboti: namba chache, kila moja ikiwa na mashaka yake. Mota hazikuunganishwa moja kwa moja na chipu, maana zingeiunguza. Ziliamriwa kupitia saketi za kuendeshea mota, ambazo hugeuza mwelekeo wa umeme na kuukata na kuurudisha haraka ili kupunguza kasi. Wanafunzi walilehemu ubao wao wenyewe. Waandaaji wangeweza kuwapa uliokamilika, lakini mtu aliyelehemu kila kiungo hatishiki waya ukikatika usiku wa mwisho.

Uamuzi wa tatu hauonekani kwa macho, na huenda ndio uliokuwa na akili kuliko yote. Kwa kawaida programu ya chipu kama ile ingeandikwa kwa lugha iliyo karibu na ya mashine, itafsiriwe, ipakiwe, ijaribiwe, na ikikosea mzunguko wote uanze tena. Kwa ajili ya kozi iliundwa lugha iliyoitwa Interactive C. Mwanafunzi aliandika amri moja kwenye kompyuta ya mezani, na roboti iliyounganishwa kwa waya iliitekeleza mara hiyohiyo: washa mota ya kwanza, soma kihisi cha nne, onyesha namba. Lugha hiyo ilikuwa ya polepole kwa sababu ubao ulizifasiri amri moja baada ya nyingine, lakini roboti inayotembea sentimita 31 kwa sekunde haihitaji haraka ya kompyuta. Iliruhusu pia kazi kadhaa kuendeshwa kwa zamu, hivyo programu moja iliweza kuangalia vigusio, yaani vihisi vya kugusa, huku nyingine ikifuata ukuta.

Baada ya vifaa, mashindano yenyewe. Kila mwaka mchezo ulikuwa mpya ili roboti ya mwaka uliopita isinakiliwe. Mwaka 1991 uliitwa Robo-Pong: roboti mbili zilikaa pande mbili za meza iliyoinuka katikati, na kila moja ilijaribu kuivusha mipira hadi upande wa mwenzake. Mchezo ulidumu sekunde 60. Roboti ilianza kwa kuona taa iliyowashwa chini yake, na ilitakiwa kujizima muda ukiisha.

Fred Martin alikaa karibu na wanafunzi kwa miaka kadhaa akiangalia wanavyofikiri, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1994 ilitokana na uchunguzi huo. Aliyoyakuta yanaeleza kwa nini kozi hii ina thamani kubwa kuliko kombe lake. Wanafunzi hawa walikuwa hodari katika hesabu na programu. Kwa mazoea hayo waliiandikia roboti mpango kana kwamba ni kompyuta iliyokaa mezani: nenda mbele sekunde mbili, geuka nyuzi 90 kulia, nenda mbele sekunde moja, fungua mkono. Kila hatua iliichukulia iliyotangulia kuwa imekamilika kama ilivyoamriwa. Kwenye karatasi hakuna kasoro.

Mezani mambo ni mengine. Roboti ikigeuka kwa kuhesabu muda, ile nusu sekunde inayotoa nyuzi 90 betri ikiwa imejaa itatoa 81 pale kasi ya mota ikishuka kwa asilimia 10, na betri haichukui muda mrefu kushuka kiasi hicho. Kuhesabu mizunguko ya gurudumu ni bora, ila nako kuna mipaka. Chukua roboti yenye nafasi ya milimita 160 kati ya magurudumu mawili, na gurudumu moja liende asilimia 1 zaidi ya jingine, labda kwa kuteleza kidogo au kwa tairi kulemewa. Baada ya mita 2, tofauti ya magurudumu ni milimita 20. Roboti imepinda kiasi cha nyuzi 7, na imetoka kwenye mstari wake kwa takriban sentimita 12. Ikiwa mpira uliokusudiwa una upana wa sentimita 4, roboti itaupita bila kuugusa, kisha itafunga mikono yake kwa nidhamu kubwa juu ya hewa tupu.

Vihisi navyo vilikuwa na hila zao. Kihisi cha mwanga kilichopimwa maabarani usiku, chini ya taa za mirija, hutoa namba tofauti kabisa ukumbini penye taa kali na watu wanaopiga picha. Kizingiti kilichoandikwa ndani ya programu, kwa mfano 120 kutenganisha rangi nyeupe na nyeusi, hupoteza maana. Timu zilizojihadhari zilifunika vihisi vyao kwa karatasi nyeusi, zikaviwekea taa yake vyenyewe, au ziliipa roboti nafasi ya kupima meza kabla ya mchezo na kujiwekea kizingiti upya.

Mbinu iliyoshinda udhaifu huu ni mrejesho: roboti haiambiwi iende umbali gani, inaambiwa iendelee kulinganisha inachokiona na inachokitaka. Kufuata ukuta ni mfano rahisi. Kihisi kikisema ukuta uko mbali, kata kuelekea ukutani. Kikisema uko karibu, kata kwenda nje. Roboti itayumbayumba, lakini itafika. Hatua ya pili ni kukata kulingana na ukubwa wa kosa: kosa dogo, mkato mdogo. Mwendo hutulia, mradi namba inayozidisha kosa isiwe kubwa mno, maana hapo mayumbo hurudi. Programu ya namna hii haijali betri imeshuka kiasi gani wala gurudumu limeteleza mara ngapi, kwa sababu kosa la sasa hivi hurekebishwa sasa hivi.

Hata mrejesho una mtego. Roboti inayosonga mbele mpaka kigusio kigonge ukuta itasonga milele ikiwa imekwama kwenye mguu wa mpinzani. Kigusio hakitagonga, magurudumu yatazunguka mahali pamoja, na sekunde zitaisha. Kila kitanzi cha kusubiri kinahitaji kikomo cha muda na mpango wa kujinasua. Wanafunzi wengi waligundua hili katika wiki ya mwisho, baada ya kutumia tatu za mwanzo kwenye gia.

Hapa kuna jambo la kulaumu katika mpangilio wa mashindano. Sekunde 60 na meza yenye vipimo vinavyojulikana humshawishi mwanafunzi achague mpango wa hatua zilizokaririwa, kwa sababu ndio wa haraka, na mara nyingine hushinda. Mwenye roboti yenye mrejesho makini anaweza kushindwa na mwenye bahati aliyekimbilia mpira wa kwanza. Mchezo uliotakiwa kuwafundisha wanafunzi wasiiamini dunia uliwaachia upenyo wa kuendelea kuiamini. Tiba iko katika kanuni za mchezo: ubadilishwe mwelekeo ambao roboti inaelekezwa mwanzoni, au vitu vihamishwe mezani dakika ya mwisho, na programu ya kukariri haitafika mbali.

Vifaa vya 6.270 vilienea kuliko kozi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 Martin alitoa Handy Board, ubao uliotumia chipu ileile ukiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na vyuo vingi nje ya MIT viliutumia. Kitabu chake cha kiada, Robotic Explorations, kilitoka mwaka 2001. Kampuni ya LEGO, iliyokuwa ikishirikiana na Media Lab, ilitoa seti ya Mindstorms mwaka 1998, na kompyuta ya matofali ikaingia madukani. Baadaye bao za Arduino zilishusha gharama zaidi, na leo chipu inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana hufanya kazi kwa kasi zaidi kuliko ile 68HC11. Lakini kihisi cha mwanga bado hupimwa upya kila taa za ukumbi zinapobadilishwa.